Islii: Duka la Dawa la Lugha Tano

Neno dawa halihitaji mkalimani katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Msomali husema daawo, Mwarabu husema dawaa, nasi watu wa Pwani husema dawa. Sote tumelichota katika kisima kimoja. Shida huanzia neno la pili. Dawa ya nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada yake, kwa muda gani: hapo ndipo ndugu wawili wa dini moja, waliosimama pande mbili za meza moja, wanapoweza kupotezana kabisa, na anayelipa gharama ya kupotezana huko ni mgonjwa aliyelala nyumbani.

Katika wiki za mwezi wa Shaabani tulipewa ruhusa ya kukaa siku kadhaa katika duka moja dogo la dawa la mtaa huo, tukitazama na kusikiliza. Jina lake hatulitaji. Mwenyewe alituomba hivyo, na wateja wake walio wengi ni watu wasiopenda kuandikwa. Tulikwenda kwa sababu ya swali ambalo akina mama wasomaji wetu wamekuwa wakituuliza kila Ramadhani inapokaribia, swali la dawa na saumu. Lakini tulirudi na mambo mengi kuliko tuliyoyaendea.

Wasomaji wetu wengi wanaijua Eastleigh kwa upande wa nguo. Ni wachache kati ya akina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu ambao hawajapata kupanda basi kwenda huko kabla ya Idi kununua madera, mabuibui na mapazia. Wenyeji Wasomali huuita mtaa huo Islii. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi wa Somalia walikimbilia huko, na nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka duka chumba kwa chumba, mpaka ikawa soko. Kutoka Ethiopia wamekuja Waoromo na Waamhara. Ni haki kukumbusha, kwa kuwa jambo hili husahauliwa hata na watu wema, kwamba si kila Msomali wa Islii ni mgeni: wapo maelfu ambao asili yao ni Garissa, Wajir na Mandera, na wazee wao walikuwa Wakenya kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Duka lenyewe lina upana usiozidi hatua nne. Mbele kuna meza ya kioo, nyuma rafu za dawa, na pembeni benchi la mbao linalotosha watu watatu, ingawa mara nyingi tuliwahesabu sita. Mfamasia ni mzaliwa wa Garissa aliyesomea kazi yake Nairobi. Msaidizi wake ni binti wa Kiborana kutoka Marsabit. Kioromo ni lugha yake ya nyumbani, na Kisomali amekiokota mtaani. Kwa hiyo juu ya meza ile moja zinapita lugha tano: Kisomali, Kioromo, Kiswahili, Kiarabu kidogo cha madrasa, na Kiamhari cha kubahatisha. Kiingereza, ambayo ndiyo lugha iliyochapishwa juu ya karibu kila paketi, hatukukisikia sana.

Mfukoni mwa habaryar

Mteja wa kwanza tuliyemwona ni mama wa makamo, aliyevaa jilbabu ya kahawia. Hakuuliza chochote. Alifungua mkoba wake akamwaga juu ya meza vikopo na paketi saba hivi, nyingine tupu. Mfamasia alimwita habaryar, neno ambalo Wasomali humwitia mama mdogo, ndugu wa mama, akavuta kiti akakaa. Baadaye alituambia kwamba mteja akimwaga mkoba, hapo hakuna haraka tena.

Katika paketi zile mlikuwa na dawa za presha kutoka India, dawa ya tumbo iliyoandikwa Kituruki, na chupa kubwa ya vidonge vya maumivu iliyotoka Minneapolis, Marekani, anakoishi binti yake. Hivi ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za Islii: jamaa wametapakaa duniani, na upendo wao hufika ndani ya mizigo ya wasafiri ukiwa na umbo la dawa. Mama yule alikuwa anaumwa na magoti. Alikuwa akinywa vidonge viwili vya Marekani mara tatu kwa siku, na kila joto la mwili lilipopanda, vidonge viwili vya Panadol katikati, navyo pia mara tatu.

Mfamasia aliiweka chupa ya Marekani karibu na Panadol. “Habaryar, hawa ni pacha,” alisema. “Mama mmoja, baba mmoja, majina mawili.”

Nasi tulishangaa pamoja na mama yule. Dawa tunayoijua Kenya kwa jina la paracetamol, Wamarekani huiita acetaminophen, na huuzwa huko zaidi kwa jina la Tylenol. Ni dawa ile ile. Mtu mzima hapaswi kupitisha gramu nne kwa saa ishirini na nne, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mama yule alikuwa akimeza 12. Paracetamol haina ukali wa kuonekana siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu watu huidharau, lakini ikizidi huliharibu ini kimya kimya, na dalili huja wakati madhara yamekwisha kutendeka. Mfamasia aliiondoa Panadol, akamwandikia barua ya kwenda kupima ini, na kwa magoti akampa dawa ya kupaka. Faida yake siku hiyo ilikuwa bei ya tyubu moja.

Kila dawa ina jina lake la asili na majina ya biashara. Jina la biashara ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa zenye rangi. La asili huandikwa chini yake, dogo, wakati mwingine dogo mno kwa macho ya mtu mzima. Mama huyo huyo angeweza kunywa dawa moja ya presha mara mbili, kwa kuwa paketi moja ilitoka Mumbai na nyingine Nairobi, na jina la asili likawa moja. Tulimwuliza mfamasia ni mara ngapi hukutana na jambo hili. Akaonyesha benchi: watu wanne wamekaa, na watatu wameshika mifuko.

Mtoto aliyesema tumbo

Siku ya pili aliingia mvulana wa miaka tisa hivi, mbele ya mama yake. Mama alikuwa Mworomo, mgeni mjini, hajui Kiswahili wala Kisomali. Mtoto alikuwa amekwisha kuingia shule, na kwa miezi michache tu Kiswahili kilikuwa kimemkaa mdomoni. Akasema: “Mama anaumwa na tumbo.” Akanyamaza, akaangalia viatu vyake.

Katika maduka mengi mazungumzo yangeishia hapo. Tumbo lina dawa zake, ziko kwenye rafu, zina bei, na nyuma ya mteja kuna foleni. Lakini msaidizi wa Kiborana alimtazama mama yule usoni, akazunguka meza, akamshika mkono, wakaenda nyuma ya pazia la mlango wa stoo. Hawakukaa dakika tano. Waliporudi, mama alikuwa analia, naye binti alikuwa anatafuta gari. Mama yule alikuwa na mimba changa, na alikuwa akitokwa na damu tangu jana yake. Mtoto aliambiwa yote nyumbani, akayaelewa nusu, na ile nusu aliyoielewa aliona haya kuisema mbele ya wanaume. Neno pekee alilothubutu lilikuwa tumbo.

Alipelekwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, ambayo haiko mbali na mtaa huo. Kabla hatujaondoka Nairobi tulisikia kwamba alikuwa amepona, mimba haikusalimika.

Sisi wa Pwani hatuna budi kulitafakari jambo hili, kwani kuwatuma watoto duka la dawa si desturi ya wageni peke yao. Ni mara ngapi tumempa mtoto noti ya shilingi mia na kumwambia akanunue dawa ya tumbo, au dawa ya kichwa, bila kueleza ni kichwa cha nani na kimeanza lini? Mtoto hubeba maneno vile abebavyo maji kwenye kopo lililotoboka. Na kwa mwanamke kuna zaidi ya hapo. Stara tuliyofundishwa hutufanya tuseme tumbo kwa kila kilicho chini ya kifua: mimba, hedhi, kibofu, uambukizo wa sehemu za siri. Mfamasia mwanamume naye hustahi kuuliza. Heshima mbili zinakutana, na ugonjwa unapita katikati yao.

Ndiyo maana wateja wanawake tuliozungumza nao, walipoulizwa kwa nini huja duka hili na kuacha makubwa yaliyo barabara kuu, karibu wote walimtaja binti yule kabla ya kutaja bei. Mmoja wao, mke wa dereva wa masafa marefu, alituambia kwamba kwa miaka miwili alivumilia muwasho ambao ulitibika kwa wiki moja, kwa sababu tu hakukuwa na mwanamke wa kumwambia. Pazia la stoo si chumba cha daktari. Lina matobo mawili na nyuma yake kuna maboksi. Lakini ni pazia.

Saa nane ya nani?

Juu ya bahasha ndogo za karatasi ambamo vidonge huhesabiwa, maduka mengi ya Kenya huandika 1x3, au 2x2. Aliyezoea anajua maana yake: kidonge kimoja mara tatu kwa siku, viwili mara mbili. Asiyezoea husoma anavyoona. Mfamasia alitusimulia juu ya mzee aliyemeza kimoja kwa siku tatu kisha akaacha, akiamini amemaliza. Na juu ya bibi aliyemeza vitatu kwa mpigo, mara moja, ili apone haraka. Wote wawili walijua kusoma. Walichokosa ni desturi ya maandishi yale.

Lililotustaajabisha zaidi ni jambo la saa. Watu wa Ethiopia huhesabu saa kama sisi Waswahili: mchana huanza kulipopambazuka, na saa mbili ya asubuhi ni saa mbili, si nane. Kijana mmoja wa Kioromo alileta paketi ya dawa ya presha ya mama yake, iliyotolewa mahali pengine na kuandikwa kwa tarakimu: 8.00. Aliyeandika alikusudia asubuhi. Familia ikasoma kama inavyosoma saa zote nyumbani, saa nane, na kwa hiyo bibi alikuwa akimeza dawa yake mchana, baada ya adhuhuri. Kwa dawa ile halikuwa jambo la hatari, ikiwa ni mchana kila siku. Lakini dawa ya kisukari inayotakiwa kumezwa pamoja na kifungua kinywa, ikamezwa mchana mtu akiwa hajala kitu, ni habari nyingine. Msomaji wetu aliyelelewa kwa saa za Kiswahili na kusoma shule kwa saa za Kiingereza anaijua njia panda hii vizuri.

Duka lile limeacha tarakimu za saa kabisa. Dawa huelezwa kwa swala. Hii ni baada ya Alfajiri, hii baada ya Isha. Yenye mara tatu huongezewa Adhuhuri. Adhana haihitaji kutafsiriwa, na humfikia hata asiye na saa ya mkononi. Kwa wateja Wakristo, ambao ni wengi miongoni mwa Waamhara, binti wa Kiborana huchora jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. Michoro yake si mizuri. Jua lake lafanana na buibui. Hata hivyo hatujaona mteja aliyeondoka na bahasha yenye buibui bila kwanza kurudia kwa mdomo wake mwenyewe atakavyokunywa dawa, maana hiyo ndiyo sheria ya duka: hupewi paketi mpaka umeeleza wewe.

Mambo haya si ya Islii peke yake. Huko New York, mji wenye wahamiaji wengi, sheria ilipitishwa mwaka 2009 kuyalazimisha makampuni yenye maduka mengi ya dawa kuwatafsiria wateja wasiojua Kiingereza. Mwaka uliofuata watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza vibandiko vya dawa vilivyotafsiriwa kwa kompyuta katika eneo la Bronx, kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, wakakuta nusu yake vina makosa. Kuna neno moja ambalo wataalamu hulitolea mfano daima: “once”, ambalo kwa Kiingereza ni mara moja, na kwa Kihispania, kwa herufi zile zile, ni kumi na moja. Msomaji akadirie mwenyewe kidonge cha moyo kikimezwa mara kumi na moja.

Daftari na nusu dozi

Isidhaniwe kwamba tulikuta pepo ya duniani. Wateja walikuwa na malalamiko, na mengine tuliyaona kuwa ya haki. Foleni ya saa za jioni ni ndefu na mtu aliyetaka plasta tu hungoja nyuma ya mkoba wa habaryar. Dawa nyingine ni ghali kuliko katika maduka ya jumla ya katikati ya mji. Mfamasia hukataa kutoa baadhi ya dawa bila cheti cha daktari, na wateja waliozoea kupewa kila wakitakacho humwona ana kiburi. Wapo wanaotaka sindano kwa kila homa, kwa imani kwamba dawa iliyoingia kwa sindano ina nguvu kuliko iliyopita kinywani. Wapo wasichana wanaokuja wakinong’ona kuuliza vidonge vya kunenepesha kabla ya harusi. Hao hurudishwa, na tulimwona mmoja akitoka kwa hasira na kuingia mlango wa tatu, ambako hatukujua alipewa nini. Mara nyingi vidonge vinavyouzwa kwa kusudi hilo ni steroidi, dawa zinazovimbisha uso kwa maji, kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Bibi harusi haambiwi hayo.

Sheria ya Dawa na Sumu ya Kenya haimruhusu kila mwenye rafu kuuza dawa. Duka lazima lisajiliwe na Bodi ya Dawa na Sumu, liwe na leseni, na lisimamiwe na mfamasia au mteknolojia wa famasia aliyesajiliwa. Cheti hutundikwa mahali pa kuonekana. Mteja ana haki ya kukitazama na kuuliza ni nani mwenye jina lile, na kama yupo. Sisi tuliliuliza swali hilo katika maduka mawili mengine ya mtaa ule. Katika moja tulijibiwa vizuri. Katika la pili tuliambiwa mwenye cheti amesafiri.

Kwa nini basi watu huendelea kuanzia dukani badala ya hospitali? Fedha ni jibu moja. Woga ni la pili. Wazee wa mtaa hawajasahau Aprili 2014, ilipofanyika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu wakakamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani wakikaguliwa karatasi zao. Mtu aliyepitia hayo, au aliyezaliwa na aliyepitia hayo, huwa mzito kuingia mahali ambapo swali la kwanza ni kitambulisho. Katika duka la dawa swali la kwanza ni: unaumwa na nini?

Ipo na nusu dozi. Tulimwona baba mmoja, fundi wa viatu, aliyekuja na cheti cha mtoto mwenye nimonia. Viuavijasumu vilivyoandikwa vilikuwa vya siku tano; fedha alizokuwa nazo zilitosha siku mbili. Akaomba apimiwe za siku mbili, na zikibaki dalili atarudi. Ndivyo maduka mengi yafanyavyo, na ndivyo viini vya ugonjwa vinavyofundishwa kuizoea dawa: vilivyo dhaifu hufa siku za mwanzo, vilivyo sugu hubaki, na mtoto akionekana amepata nafuu dozi huachwa. Mfamasia alimpa dozi yote. Kisha akafungua daftari la kurasa za mistari, lenye jalada lililochakaa, akaandika kiasi kilichobaki.

Tulimwuliza kama watu hulipa. Akasema wengi hulipa, wengine huhama. Hakutaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Dawa na mwezi mtukufu

Tufikie sasa swali lililotupeleka. Katika Shaabani wateja wa duka lile huongezeka, na maswali hubadilika. Walio na kisukari ndio waliotutia wasiwasi kuliko wote. Mama mmoja alieleza kwa fahari kwamba Ramadhani iliyopita alifunga siku zote thelathini, huku akimeza glibenclamide yake wakati wa daku kama alivyozoea asubuhi. Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba siku mbili alianguka jikoni alasiri.

Glibenclamide husukuma kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna chakula, na kazi yake hudumu muda mrefu. Anayefunga huku ameimeza alfajiri anaweza kushukiwa na sukari mpaka azimie. Metformin haina hatari kubwa ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu hawezi kuambiwa tu kwamba dawa ya kisukari inywewe daku na futari, bila kujulikana ni dawa gani. Zipo ambazo daktari huzipunguza, zipo ambazo huhamishia kiasi kikubwa kwenye futari, zipo ambazo huzibadilisha kabisa. Hilo lafanywa wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mfamasia hakumbadilishia mama yule dawa. Alimpa barua ya daktari, akamfundisha kujipima kwa kipimo cha kidole, na kumwambia kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, afungue hapo hapo, hata kama imebaki robo saa kabla ya Magharibi. Kujitoboa kidole hakumfunguzi mtu. Mama alisitasita. Ilibidi mzee mmoja aliyekaa benchini, mwalimu wa chuo, amkumbushe kwamba Surat al-Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na kwamba anayeipokea ruhusa hiyo amemtii Aliyeitoa.

Juu ya matone na sindano, mkutano wa wanazuoni na madaktari uliofanyika Casablanca, Morocco, mwaka 1997 uliona kwamba matone ya macho na masikio, sindano zisizo za lishe, na kidonge cha moyo kinachoyeyuka chini ya ulimi pasipo kumeza kitu, haviharibu saumu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Wasomali pia, matone ya jicho hayana tatizo, lakini ya sikio na pua wanavyuoni wengi wamehesabu kuwa yanafunguza. Kifaa cha kuvuta dawa ya pumu kina ikhtilafu. Mfamasia hajibu maswali haya. “Mimi nasema dawa inakwenda wapi mwilini,” alituambia, “hukumu muulizeni shekhe.” Tukaona ni mgawanyo mwema wa kazi. Asiyeweza kuishi alasiri bila kifaa chake cha pumu na asikiache nyumbani kwa kuogopa ikhtilafu. Huyo hajamwuliza shekhe wala daktari.

Vile vile huulizwa juu ya vidonge vya ganda laini, ambavyo jelatini yake huenda ikatokana na ng’ombe au nguruwe, na juu ya shurubati za kikohozi zenye alkoholi. Mara nyingi dawa hiyo hiyo hupatikana kwa kidonge kigumu, au kwa shurubati isiyo na alkoholi, kwa bei iliyo karibu. Inatosha kuuliza.

Jioni ya mwisho, duka likifungwa, tulilirudia suala la daftari, na safari hii mfamasia alijibu. Ramadhani iliyopita, katika kumi la mwisho, alikuja mfanyabiashara mmoja wa vitambaa anayemfahamu kwa sura. Aliuliza daftari lina jumla ya kiasi gani. Hakuomba kuona majina, na mfamasia asingemwonyesha. Wenye deni ni katika wale wanane waliotajwa kuwa na haki katika zaka, na mtu yule alikuwa anatafuta pa kuitoa yake. Walihesabu pamoja kwa mashine ndogo ya hesabu mpaka adhana ya Isha, ukurasa baada ya ukurasa, mfamasia akifunika safu ya majina kwa kadi ya dawa. Fedha zilikuja kwa simu usiku ule. Mfamasia akapiga mstari mmoja kwa rula katika kila ukurasa, na asubuhi yake mteja wa kwanza alikuwa bibi aliyekuja kulipa shilingi mia mbili zake, akakataa katakata kuzirudisha mkobani.